Wiki Keane alipofunga virago

Habari ilinikuta na beseni mkononi. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 23 Mei 2002, mchana, katika makao ya wazee mjini Cork, kusini mwa Ireland, ambako kazi yangu ilikuwa kuwaogesha watu, kuwalisha na kuwageuza vitandani. Redio ya jikoni ilikuwa ikijisemea yenyewe kama kawaida. Mara nikamsikia mpishi, mama wa makamo mwenye msalaba shingoni, akitoa tusi ambalo sikumdhania. Roy Keane ametimuliwa kambini! Kombe la Dunia lilikuwa limebakiza siku nane, na nahodha wa Ireland alikuwa akifunga virago huko Saipan, kisiwa cha Pasifiki ambacho pale jikoni tulijifunza kukitamka wiki ileile.

Nikapeleka beseni chumba cha saba.

Mzee wa chumba cha saba alikuwa mtu wa Mayfield, upande wa kaskazini wa mto Lee, mtaa aliozaliwa Keane mwaka 1971. Alikuwa ameajiriwa kiwanda cha magari cha Ford mpaka kilipofungwa mwaka 1984, na baada ya hapo hakupata tena kazi ya maana. Cork kila mwanamume huitwa kijana hata kama meno yamekwisha, na kila mwanamke huitwa msichana hata akiwa na wajukuu. Basi mimi, mama wa watoto wawili niliowaacha Likoni kwa bibi yao, nilikuwa msichana.

"Msichana," akasema kabla sijaliweka beseni chini, "umesikia walichomfanyia?"

"Nimesikia amemtukana kocha."

Akageukia ukutani. Siku ile alikubali kuoshwa mgongo tu.

Kisa chenyewe watu wa mpira wanakijua. Timu ilipelekwa Saipan kupumzika na kuzoea joto kabla ya kwenda Japani. Walipofika, vifaa vya mazoezi vilikuwa bado viko njiani, mipira ikiwemo, na uwanja waliopewa ulikuwa mgumu kama barabara. Keane akasema. Akasema tena kwa mwandishi wa gazeti, na gazeti lilipotoka kocha Mick McCarthy akawaita wachezaji wote hotelini kulizungumza. Katika kuzungumza akamrushia na kijembe cha mechi ya mchujo dhidi ya Iran kule Tehran, Novemba 2001, ambayo Keane hakwenda kwa sababu ya jeraha. Hapo ndipo moto ulipowaka. Yaliyomtoka Keane kinywani yamechapishwa mara nyingi. Mimi sitayaandika, mama yangu bado anasoma.

Nikiri jambo moja: nilikuwa upande wa kocha. Kwetu mkubwa hajibiwi hivyo mbele za watu. Na juu ya hilo nilikuwa na uchungu wangu. Pale makaoni glovu ziliisha kila mwisho wa wiki. Mashine ya kuwanyanyulia wazee ilikuwa imekufa betri tangu Pasaka, kwa hiyo mimi na mwenzangu wa Ufilipino tuliwabeba kwa mikono, mmoja kwapani, mmoja miguuni, na usiku tulichuana migongo kwa zamu. Sikusema neno. Siku zile Ireland kibali cha kazi alipewa mwajiri, si wewe, na kilihuishwa mwaka kwa mwaka. Ukikosana naye ndiyo umekosana na nchi nzima. Sasa nimwonee huruma mtu mwenye mamilioni anayekasirikia mipira iliyochelewa?

Jumapili nikanunua kadi ya simu nikampigia kaka yangu Mombasa.

"Dada, huyo jirani yako ana nini?" akaniuliza, hata salamu hakuimaliza. "Nenda mwambie arudi!"

Kaka ni mgonjwa wa Manchester United, klabu aliyoichezea Keane. Aprili 1999 alikwenda Mwembe Tayari kuangalia nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Turin, mechi iliyoanza saa nne kasorobo usiku kwa saa zetu. Aliporudi saa sita ilikuwa imepita na mama amekwisha kutia komeo. Basi akasimama dirishani na kunisimulia mimi mechi nzima ili nimfungulie: Juventus wanaongoza 2-0 kabla ya dakika ya kumi na mbili, Inzaghi zote mbili, Beckham anapiga kona, Keane anaruka na kuupeleka kwa kichwa, halafu Yorke, halafu Cole mwishoni, 3-2. Nilimfungulia alipofika kwa Yorke, kwa sababu mbu walikuwa wengi. Sikuelewa hata robo yake.

Aliyenifahamisha ni mzee, tena kwa biskuti.

Jumatatu jioni, tarehe 27, RTÉ, runinga ya taifa ya Ireland, walitangaza mahojiano na Keane, aliyekuwa amesharudi kwake Uingereza. Makao mazima yalinyamaza. Nilikuwa zamu, nikaingia chumba cha saba na chai, nikaikuta runinga imewashwa mapema na mzee amevaa koti juu ya pajama, kama mtu anayengoja mgeni. Chai yenyewe ilikuwa ya Barry's, kampuni ya palepale Cork, ambayo sehemu ya majani yake hutoka Kenya na Rwanda. Nilikuwa nimemweleza hilo mara tatu, naye mara zote tatu alishangaa upya.

"Unajua kiungo ni nani?" akaniuliza huku tunangoja.

Nikasema ni mtu wa katikati.

Akapanga biskuti kwenye sinia. Nne huku, nne kule, na katikati akaweka donge la sukari. "Tumekwisha fungwa mbili," akasema. "Tazama hawa." Akazisukuma biskuti pembeni kidogo kidogo, moja nyuma ya kikombe, moja chini ya kijiko. "Wanajificha. Hakuna anayetaka mpira umfikie." Halafu donge la sukari likaanza kutembea. Likaenda kwa mabeki likachukua mpira, likaupeleka mbele, likarudi nyuma kukaba, likaenda tena. Kidole cha mzee kilikuwa kinatetemeka, na sukari ilikuwa inaacha unga nyuma yake, hata ukaona njia zote lilizopita. Sinia lote lilijaa unga. "Na hapa," akasema, akaligonganisha na biskuti moja ya chokoleti, "hapa amemwangusha Zidane wa Juventus. Kadi ya njano. Tangu dakika hii anajua kwamba wakishinda, fainali yeye hachezi." Akaninyamazia kidogo. "Sasa niambie, alipunguza?"

Njia za unga zilikuwa zinanijibu zenyewe. Fainali ile ya Barcelona, United walipowafunga Bayern 2-1 katika dakika za nyongeza, Keane alikuwa amevaa suti. Mzee akamla Zidane.

Mahojiano yakaanza. Mwandishi, Tommie Gorman, kidogo tu ampigie magoti. Kila mlango wa kurudi aliufungua mwenyewe, akabaki ameushikilia. Keane alikaa na macho yale meusi, akajibu kwa sauti ya chini, na msamaha hakuuomba. Wengine pale ukumbini walilia kwa hasira na wengine kwa huzuni. Nyumba zilikuwa zimegawanyika kweli wiki ile. Uchaguzi mkuu ulikuwa umefanyika siku kumi tu nyuma, na sikumsikia mtu hata mmoja akiutaja.

"Amewaacha wenzake," nikasema.

"Alikuwa mdogo wa mwili," mzee akasema, kana kwamba hakunisikia. "Wenzake walichukuliwa Uingereza, yeye wakamwacha. Akaandika barua kwa klabu za huko, kwa mkono wake, akiomba majaribio tu. Akachezea Rockmount, akachezea Cobh, klabu za hukuhuku, mpaka Nottingham Forest wa Uingereza wakamnunua kwa pauni 47,000. Miaka mitatu baadaye United wanamlipia milioni tatu na robo tatu, rekodi ya Uingereza nzima. Mtu wa namna hiyo umwambie uwanja mbaya si neno?"

"Yeye anaweza kusema. Nyumba anayo, pesa anazo. Akikasirika anapanda ndege."

Yalinitoka kwa ukali kuliko nilivyotaka. Mzee akanitazama, kisha akaitazama ile mashine iliyosimama kona ya chumba, mkanda wake ukining'inia. Alikuwa anaijua vizuri kuliko mimi, maana aliyebebwa kwa mikono kila asubuhi alikuwa yeye.

"Umeshawaambia?"

"Nikiwaambia watanirudisha."

"Na mimi watanirudisha wapi?" akasema. "Mayfield?" Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaniagiza karatasi na kalamu.

Barua ile ilimchukua siku mbili. Hakutaka nimwandikie. Herufi zilipanda na kushuka kama ngazi mbovu, lakini zilisomeka: glovu, betri, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameponyoka mikononi mwetu mara moja, jambo ambalo sisi wawili tulikuwa tumelificha. Nilipoona mstari huo nilitaka kuichana. Alisaini jina lake kamili na namba ya chumba, akamwita msimamizi mwenyewe kwa kengele. Glovu zilikuja Ijumaa, katoni nne. Betri ilikuja Agosti.

Jumamosi ya tarehe 1 Juni, saa moja na nusu asubuhi, Ireland walicheza na Cameroon kule Niigata. Wazee walishushwa ukumbini na uji wao na vibendera. Mpishi alinitazama kwa jicho la kuniuliza niko upande gani, nami nilipokuwa nafuta meza Mboma wa Cameroon akafunga, nikajikuta nimesema "eeeh!" kwa sauti. Nikakimbilia chumba cha saba kabla sijatazamwa zaidi.

Mzee alikuwa amegoma. Tangu Jumanne, Keane alipotoa tamko kwamba harudi, aliniamuru niichomoe runinga, na sasa alikuwa amelala macho juu, mkate haujaguswa.

"Wanafungwa?"

"Moja bila."

Hakusema kitu. Nikamkunjia shuka, nikamwaga maji ya jana. Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza tu tuliposikia kelele kutoka chini, kelele ya wazee ambao jana hawakuweza kunyanyua kijiko. Nikatoka mlangoni, nikauliza, nikarudi.

"Matt Holland amesawazisha. Yule wanayemchezesha katikati, mahali pa Keane."

"Kwa pasi ya nani?"

"Si pasi. Beki wa Cameroon aliutoa kwa kichwa ukamkuta, akaupiga kutoka mbali."

Mzee akaunyosha mkono, akauchukua ule mkate.

"Keane angeufikia mapema zaidi," akasema. "Chomeka hiyo runinga, msichana."