Penseli ya Mama Masijala

Rafiki yetu aliyetutoka alikuwa karani wa masijala kabla ya kustaafu, na hata baada ya hapo watu wa Dodoma waliendelea kumwita Mama Masijala. Familia imeomba jina lake lisiandikwe hapa. Msibani alisifiwa kwa kuipenda historia ya Ugogo, na ni kweli aliipenda. Lakini wapenzi wa historia tunao wengi. Yeye hakuruhusu kitu chochote kiingie kwenye masanduku yake ya picha, kaseti na masimulizi ya wazee bila kuandikwa ni cha nani, cha wapi, cha lini, na nani kasema hivyo. Vijana kadhaa wameomba kuiendeleza kazi yake, kwa hiyo tunaeleza alivyoifanya.

Tuanze na tarehe, maana hapo ndipo wengi huharibu. Ukimuuliza mzee wa Kigogo baba yake alizaliwa mwaka gani, atakupa mwaka wowote ili uridhike. Mama alianza na "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, akauliza hali ya mvua na mifugo, kisha akauliza matukio. Baba alizaliwa kabla ya Mtunya au baada yake? Ile ni njaa kubwa ya 1917 hadi 1920, iliyokuja majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipokuwa yamekwishachukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, halafu mvua nayo ikagoma. Reli ilikuwa imefika Dodoma? Hiyo ni 1910. Kwa waliozaliwa baadaye alitumia Uhuru wa 1961, Azimio la Arusha la 1967, Operesheni ya 1971 ya kuhamishia watu vijiji vya ujamaa, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na mvua za El Niño za 1997 na 1998.

Tukio moja halikumtosha. Bibi akisema aliolewa "wakati wa Operesheni", swali lililofuata lilikuwa: siku mnahamishwa, mtoto wako wa kwanza alikuwa mgongoni au anatembea? Mwanamume aliulizwa alikuwa anachunga nini wakati huo, kwa sababu mtoto mdogo huachiwa ndama na mbuzi, ng'ombe hufuata akishapata nguvu. Majibu mawili yakipishana, aliandika yote mawili, na pembeni akaweka "kati ya 1968 na 1971, kwa maelezo ya mwenyewe". Hakuchagua mwaka mmoja ili karatasi ipendeze. Huo ulikuwa ubishi wake mkubwa na waandishi wa vitabu vya ukoo, na sisi tunaona alikuwa sahihi.

Operesheni hiyo ndiyo iliyovuruga pia majina ya mahali. Watu walihamishwa kutoka kwenye matembe yao yaliyotawanyika wakapelekwa vijiji vya ujamaa, na mara nyingine jina la kijiji likahama nao. Leo ukisikia mzee anasimulia vita vya mifugo "hapa kijijini", huenda anazungumzia mahame yaliyo mbali na ofisi ya kijiji ya sasa. Mama aliandika "ya zamani" au "ya sasa" mbele ya kila jina, kisha akaeleza alama za mahali penyewe: mbuyu, kisima, makaburi, mawe ya kusagia yaliyoachwa. Taasisi nazo hubadilika. Picha ya wanafunzi wa Alliance Dodoma, picha ya Mazengo sekondari na picha ya Chuo Kikuu cha St. John's zinaweza kuwa za eneo lilelile. Lebo inabeba jina la wakati ule kwanza, la sasa baadaye. Ukiandika la sasa peke yake, mtu atakayetafuta Alliance hataiona picha hiyo maisha.

Kwa picha zenyewe, kifaa chake kikuu kilikuwa penseli laini ya 2B. Picha inalazwa kifudifudi juu ya kitu kigumu na safi, unaandika nyuma pembezoni bila kukandamiza. Peni hupita upande wa pili au wino wake huchafua picha ya jirani zinapopangwa pamoja. Picha za kisasa zenye mgongo wa plastiki hazishiki penseli, hizo aliziweka kwenye bahasha ya karatasi na kuandika bahasha kabla ya kutia picha. Selotepu ilikuwa marufuku, kwa kuwa gundi yake hugeuka njano na kula karatasi. Picha iliyogandana na kioo cha fremu usiibandue. Ngozi yake itabaki kwenye kioo. Ipige picha au iskani hivyohivyo, nukta 600 kwa inchi. Kwa simu, iweke karibu na mlango penye mwanga usio wa jua moja kwa moja, simu iwe sambamba nayo, flashi imezimwa.

Ukavu wa Dodoma unasaidia dhidi ya ukungu. Adui ni mchwa, panya, vumbi na joto la bati. Sanduku likae juu ya matofali, lisiguse ukuta, na lisiwe chumba ambacho paa lake huvuja masika yanapoanza.

Kaseti zilimpa kazi zaidi. Kabla ya kucheza ya zamani, alivunja vile vidude viwili vya nyuma ili isifutwe kwa bahati mbaya, akaipeleka mbele hadi mwisho na kuirudisha, kisha akasafisha hedi ya redio kwa spiriti na pamba. Kipande cha sponji kinachobana utepe kikidondoka, sauti huja kama inatoka chini ya maji. Hamishia sauti kwenye kompyuta, kwa mfumo wa WAV. Saa moja ya sauti ya mono hula takriban megabaiti 320. Nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine kabisa.

Kuhusu michoro ya kale ya miambani ya Kondoa alikuwa mkali. Maeneo hayo yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, na bado wapo wanaomwagia mwamba maji ili rangi nyekundu ing'ae kwenye picha. Maji huacha chumvi juu ya rangi, na utando huo hautoki. Naye aliheshimu kwamba Mongomi wa Kolo, mojawapo ya maeneo hayo ya michoro, bado ni mahali pa tambiko, hivyo hakupiga picha watu wakiwa kwenye ibada.

Katika masanduku yake kuna bahasha zenye alama nyekundu. Humo mna kesi za mipaka ya koo, majina ya walioshutumiwa uchawi, na nyimbo za jando ambazo waimbaji walisema zisisikilizwe na kila mtu. Mwanzoni mwa kila kaseti msimulizi mwenyewe anataja masharti. Familia itazihifadhi hivyo. Anayetaka kuzisikiliza aende kwanza kwa wazee wa ukoo husika, apate ruhusa kwa maandishi, na nakala ya ruhusa hiyo iwekwe ndani ya bahasha, imeandikwa tarehe kwa penseli.