Nusura ninunue betri ya pili

Siku ya tatu baada ya kufungiwa sola, betri iliisha saa mbili na nusu usiku na nyumba ikarudi yenyewe kwenye umeme wa gridi. Nyumbani hakuna aliyegundua. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mbele ya inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumia nyumbani, nikiitazama kama mtu aliyetapeliwa. Paneli 8 za wati 450 ziko juu ya paa, betri ni mpya kabisa ya lithiamu, halafu haifiki hata saa tatu!

Nikampigia fundi. Jibu lake lilikuwa fupi: "Dada, betri moja haikutoshi. Ongeza ya pili ulale usingizi."

Kilichonizuia si akili, ni mfuko. Basi nikakaa na karatasi. Betri yangu ni ya volti 51.2 na ampea-saa 100. Ukizidisha unapata wati-saa 5,120, yaani uniti 5 na kidogo (uniti moja ni wati-saa 1,000). Asilimia 20 ya mwisho tumeipanga isiguswe ili betri isichoke mapema, kwa hiyo za kutumia ni kama uniti 4. Na hita yetu ya maji ni ya wati 3,000. Kupasha lita 100 za maji kwa nyuzi 35 tu kunakula karibu uniti 4 hizohizo. Jioni watu wanne wanaoga mmoja baada ya mwingine, hita inawaka kujazia joto, na betri yote inakwenda na maji ya kuoga. Betri ya pili nayo ingekwenda na maji.

Suluhisho la hita lilikuwa rahisi hadi likaniudhi. Tuliifungia taima iwake saa tano asubuhi hadi saa nane mchana, wakati paneli zimechangamka na betri inakaribia kujaa. Tanki linahifadhi joto vizuri mpaka jioni. Anayeoga wa mwisho hupata uvuguvugu, na kwa kuwa mara nyingi huyo ni mume wangu, malalamiko yake nimeyasikia yote.

Lakini bado hesabu haikukaa. Kabla ya sola tulikuwa tunatumia kama uniti 24 kwa siku, na hita peke yake haiwezi kueleza zote hizo. Usiku mmoja, wote wamelala, nikazima inveta, nyumba ikabaki kwenye gridi, nikaenda na tochi kwenye mita. Mita yetu ina kataa kekundu kanakomweka mara 1,000 kwa kila uniti moja. Imeandikwa hapohapo usoni pake. Nikahesabu kwa simu: kanamweka kila baada ya sekunde 9. Hiyo ni wati 400, saa sita ya usiku, hita imezimwa na hakuna anayetumia chochote. Kwa saa 24 ni uniti 9.6. Niliganda pale nje na nguo za kulalia.

Nikaanza kuchomoa kimoja kimoja. Mkosaji wa kwanza alikuwa friza la zamani lililowekwa stoo "kwa dharura", ndani likiwa na barafu na mifuko miwili mitatu. Mota yake ilikuwa hainyamazi. Kesho yake nilibana kipande cha karatasi kwenye mlango wake, nikakivuta, kikatoka bila kukwama popote: mpira umekwisha, baridi inavuja mchana na usiku. Usiku ule nilipolichomoa tu, taa ya mita ikapunguza mwendo hadi sekunde 14. Kompyuta ya mezani ambayo sijui ilizimwa lini mara ya mwisho, ving'amuzi viwili na spika za sebuleni vikaniongezea sekunde nyingine 10. Nikabaki na wati 150, ambazo ni friji na vitu vidogo vya lazima.

Kilichonichukua muda kukijua ni pampu. Taa ya ukumbini ilikuwa ikififia kidogo na kurudi, kila baada ya dakika nane au tisa. Nilidhani ni waya umelegea. Kumbe ni pampu ya maji inawaka, na mota ikianza kuzunguka huvuta umeme mwingi kwa mpigo. Sasa inawaka kwa nini ikiwa hakuna bomba lililofunguliwa? Nilidondosha wino kwenye tanki la choo cha wageni, nikasubiri robo saa bila mtu kuvuta maji. Bakuli likageuka bluu. Mpira wa chini ya tanki ulikuwa unavujisha, presha inashuka, pampu inaamka. Kampira kadogo hivi! Tulikabadilisha wenyewe bila fundi.

Siku hizi tunatumia uniti 13 hivi kwa siku, na siku ya jua kali nyingi zinatoka juu ya paa. Kufua na kupiga pasi ni mchana, ila si kwa pamoja na hita. Tulijaribu mara moja, paneli zikazidiwa na betri ikaanza kushuka saa saba mchana kweupe. Asubuhi nikiamka naikuta betri kwenye asilimia 40. Siku za mawingu mazito gridi inatusaidia, na hilo sioni aibu nalo.

Kilichobaki ni mti. Kuanzia saa tisa alasiri kivuli chake kinagusa paneli mbili za mwisho, na kwa kuwa zote zimeungwa mfululizo, umeme ukipita paneli moja hadi nyingine kwenye waya mmoja, uzalishaji unashuka kuliko nilivyotarajia. Fundi anataka tuukate. Lakini kivuli hichohicho ndicho kinachopoza chumba chetu cha kulala, na tangu tuhamie hapa hatujawahi kuhitaji kiyoyozi. Tumepunguza matawi mawili, ninaangalia namba.