Ukumbi Hujaa Uamuzi Ukiwa Umekwisha Kupita

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikihudhuria vikao vya baraza la mji na vya bodi ya shule nikiwa mkazi wa kawaida asiye na cheo chochote, na kinachoniuma zaidi ni kuona ukumbi ukijaa pale tu uamuzi unapokuwa umekwisha kufanywa. Ikitangazwa kwamba shule itafungwa, wazazi hufurika hadi nje, wengine machozi yakiwalengalenga. Lakini pendekezo hilohilo lilikwisha kupita kamati ya fedha miezi kadhaa nyuma, likasomwa na kujadiliwa mbele ya viti vitupu, kwa sababu katika ajenda liliandikwa kama “marekebisho ya mgawanyo wa wanafunzi”.

Siwalaumu wazazi. Lugha ya ajenda ni ngumu, vikao huwa jioni wakati watoto wanahitaji kulishwa, na katika miji mingi midogo hakuna tena mwandishi wa habari anayekaa hadi mwisho na kuwaeleza wengine yaliyoamuliwa. Hata hivyo, haki ya kuketi ukumbini haikuja yenyewe. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1960 iliyowapa wananchi na waandishi wa habari haki ya kuingia katika vikao vya mabaraza ilitokana na muswada wa Margaret Thatcher, waziri mkuu wa baadaye, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameingia bungeni. Miaka saba kabla yake, mwaka 1953, jimbo la California nchini Marekani lilikuwa limepitisha Sheria ya Brown, ambayo leo inataka ajenda ya kikao cha kawaida ibandikwe hadharani saa 72 kabla, na inakataza baraza au bodi kuamua jambo lisilokuwamo katika ajenda hiyo, ila kwa sababu chache maalumu.

Katazo la namna hiyo lina maana njema, lakini huzaa kutoelewana kukubwa. Mkazi husimama wakati wa maoni ya wananchi, akapewa dakika mbili au tatu, akaeleza kero yake kwa uchungu, kisha wajumbe wakamshukuru na kunyamaza. Huondoka akiamini kwamba amedharauliwa, kumbe suala lake halimo katika ajenda na sheria imewafunga wajumbe mikono. Lililomfaa ni kuuliza nani anapanga ajenda, na mwisho wa kupokea mambo ya kikao kijacho ni lini. (Mwenyekiti mwema angemweleza hayo palepale, na kwa maoni yangu huo ni wajibu wake.)

Kuna pia suala la kumbukumbu za kikao. Wengi hudhani katibu huandika kila neno, ilhali kwa kawaida huandika hoja, aliyeitoa, aliyeiunga mkono na matokeo ya kura. Mwaka mmoja mzazi mmoja alizungumza vizuri kuliko sisi sote kuhusu usafiri wa wanafunzi wenye ulemavu. Kumbukumbu zilipoletwa kuthibitishwa katika kikao kilichofuata, maneno yake yalikuwa yamefupishwa kuwa “wananchi watatu walitoa maoni”, na katika yatokanayo, yaani sehemu ya kufuatilia mambo ya kikao kilichopita, hakuna mjumbe aliyeligusa jambo hilo. Tangu hapo maoni yangu huyaandika katika barua fupi, nikamkabidhi katibu kabla ya kikao na kumwomba aiambatanishe na kumbukumbu, na yule mzazi naye sasa hufanya hivyo.