Kumbukumbu ya mradi: redio inayosikiliza kabla ya kutuma

Wiki ya 1

Nimeanza kujenga redio tambuzi: redio inayochungulia masafa aliyopewa mtu mwingine, ikiyakuta matupu inayatumia, mwenyewe akirudi inampisha. Jina hilo alilileta mhandisi Joseph Mitola mwaka 1999. Mimi lilinivuta kwa sababu ya jambo linalonikera kila nikiwasha kipokezi: kwenye makaratasi masafa yamegawiwa karibu yote, lakini kwenye skrini naona vipande vipana vimekaa kimya saa nzima.

Ninachotaka kujua ni kimoja. Mgeni huyu, yaani redio inayoazima masafa ya mwingine, anaambulia kiasi gani hasa? Kanuni ya mwanahisabati Claude Shannon ya mwaka 1948 inasema chaneli ya MHz 6, ishara ikiizidi kelele kwa desibeli 20 (mara 100), inabeba hadi takriban megabiti 40 kwa sekunde. Hicho ndicho kikomo cha mwenye chaneli. Mgeni lazima anyamaze kwanza asikilize, na muda wa kusikiliza unakatwa kwenye muda wake wa kutuma.

Wiki ya 2

Nimeandika programu ya kuiga hali hiyo. Kila fremu ina milisekunde 100: sehemu ya mwanzo ni ya kusikiliza, iliyobaki ni ya kutuma. Mwenye chaneli nimemweka mbali, ishara yake ikinifikia ikiwa desibeli 20 chini ya kelele. Sharti ni kwamba akiwepo nimtambue mara 9 kati ya 10.

Nikisikiliza milisekunde 1 tu, mgeni anabaki na megabiti 12. Nilitarajia apate nyingi, maana muda wa kutuma ni 99 kwa 100. Kumbe ili kulinda lile sharti la 9 kati ya 10 kwa sampuli (vipimo vya papo kwa papo) chache hivyo, programu inalazimika kushtuka kwa karibu kila kitu: karibu mara 7 kati ya 10 inasema "yupo" wakati chaneli ni tupu, na mgeni anakaa kimya bure. Kwa milisekunde 5 anapata 25. Kwa milisekunde 30 kengele za uongo karibu zimekwisha, lakini muda umeliwa, anapata 28. Kilele kiko milisekunde 14 na ushei: megabiti 32.5. Mtafiti Liang na wenzake walichapisha jibu la milisekunde 14.2 kwa hali kama hii mwaka 2008, na kuona mchoro wangu unakaa pale pale kulinipa furaha kubwa.

Wiki ya 4

Kipokezi cha USB kimefika. Ni kile cha bei nafuu, sampuli za biti 8, milioni 2.4 kwa sekunde, kwa hiyo hakimezi chaneli yote ya MHz 6. Nimeondoa antena, nikafunga kizibo cha omu 50 mahali pake ili kisikie kelele yake mwenyewe tu, nikarekodi nusu saa.

Mstari wa kelele haukutulia. Kadiri kasha la kipokezi lilivyopata joto mkononi ndivyo kiwango cha kelele kilivyoteleza, na mwisho wa nusu saa kilikuwa kimehama karibu desibeli 0.4. Inaonekana ni kidogo mno. Lakini ishara iliyo desibeli 20 chini ya kelele inaongeza nguvu kwa asilimia 1 tu, yaani desibeli 0.04. Ninachokitafuta ni kidogo mara kumi kuliko mtetereko wa kipimo changu.

Hapa ndipo uzuri wa mchoro wa wiki ya 2 ulipoporomoka, kwa sababu ule ulidhani kelele inajulikana barabara. Watafiti Tandra na Sahai walishaonyesha kwamba usipoijua kelele sawasawa kuna ukuta: chini ya kiwango fulani cha ishara, kupima nguvu peke yake hakukusaidii hata usikilize siku nzima. Kwa wasiwasi wa desibeli 0.2 juu na chini, ukuta wangu uko kama desibeli 10 chini ya kelele. Ninatakiwa kufika 20. Nimeelewa sasa kwa nini mwaka 2010 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliacha kuvilazimisha vifaa vya chaneli tupu za televisheni visikilize, mradi vinajua mahali vilipo na kuuliza hifadhidata ya chaneli zilizo tupu.

Wiki ya 6

Sitaki kuacha kusikiliza. Nimebadilisha kinachosikilizwa. Televisheni ya ATSC 1.0, mfumo wa dijitali unaotumika Marekani, hutuma toni moja ya kuongoza (wimbi la masafa mamoja tu), takriban kHz 309 juu ya ukingo wa chini wa chaneli. Nguvu yake ni kama desibeli 11 chini ya ishara nzima, lakini imejikusanya mahali pembamba. Nikiichuja kwa upana wa kHz 10, kelele inapungua kwa karibu desibeli 28. Ishara iliyokuwa desibeli 20 chini inapanda hadi 3.5 chini.

Tena, kelele siipimi kutoka kwenye rekodi ya awali. Ninaipima kwenye vipande vya jirani vya sampuli zile zile. Joto likikisukuma kikuza ishara cha kipokezi, toni na majirani zake vinasukumwa pamoja, uwiano haubadiliki. Nimechanganya toni ya kuigwa na kelele halisi ya kipokezi, na ule mtelezo wa nusu saa umetoweka kwenye matokeo. Kwa hesabu ya karatasi, milisekunde 8 za kusikiliza zinatosha, na mgeni anapata karibu megabiti 36.

Wiki ya 7

Fuwele inayotunza masafa ndani ya kipokezi inateleza. Kwenye MHz 600, kosa la sehemu 10 katika milioni ni kHz 6, na toni inatoka nje ya chujio langu. Nimelipanua, nikapoteza sehemu ya faida.

Linalonisumbua zaidi ni mwangwi. Mawimbi yanayorudi kutoka kwenye kuta yanaweza kufutana kwenye masafa yale yale ya toni huku chaneli iliyobaki ikiwa nzima, na hapo ningemkanyaga mwenye masafa nikiamini hayupo. Nimeagiza kipokezi cha pili. Nitakiweka mita kadhaa kutoka kwa cha kwanza, na kimoja kikisikia, vyote vinanyamaza.