Kumbukumbu za Kikao

"Baba, mbona umejizima?"

Jumamosi iliyopita tulikuwa Magongo, foleni ya malori haisongi, tunakwenda kumpokea shangazi anayetoka Muscat kwa kupitia Nairobi. Nilikuwa namweleza binti yangu jambo, hata sikumbuki lipi, nikakatika katikati ya neno. Mdomo wazi, kidole cha shahada juu, kama mtu anayetaka kupiga chafya. Sikuwa nimeiona ndege wala sikumbuki kuisikia. Ilipopita na magurudumu yake nje, nikaliendeleza neno palepale lilipokatika, kuanzia silabi ya pili.

Ndiyo ada yetu sisi tuliolelewa karibu na ua wa uwanja wa ndege. Mama yake aliniona hivyo wiki ya kwanza ya ndoa, nilipompeleka kwetu kusalimia. Akadhani nina kifafa na amefichwa asijue. Kisha akatazama ukumbini, akaona watu wanane wote wameinua vidole.

Wasiokaa huko hudhani kelele ya ndege ni moja mwaka mzima. Si kweli. Ndege hutua na kupaa ikiukabili upepo, na Mombasa upepo una zamu. Kaskazi ikivuma, ndege zinaingia kutoka upande wa maji ya Port Reitz na zinapaa kwetu. Huo ni mngurumo wa kusukuma, mrefu, lakini tayari yuko juu, anakwenda zake. Kusi ikianza, mambo yanageuka. Wanakuja kutua kwa upande wetu, chini kabisa, na kelele yake ni kama mtu anayerarua bati. Wavuvi walikuwa wakiuliza upepo kwa ajili ya ngalawa, nyanya yangu akiuuliza ili ajue aanike mpunga uani au aache.

Ingawa yeye hakuwa wa kuinua kidole. Katika mtaa mzima, nyanya peke yake hakunyamazia ndege. Alizungumza moja kwa moja, ndege ikipita juu ya maneno yake kama gari linavyopita juu ya kivuli. Ukimwambia hukusikia, hakurudia. "Mimi n'meshasema." Hoja yake ni kwamba yeye alitangulia. Alikuwa msichana wakati wa vita vya Hitla, jeshi la Afrika Kusini lilipokuja kuuchimba uwanja, na mpaka kufa kwake aliuita "shamba". Mwaka 1979 ulipopanuliwa na kupewa jina la Rais Moi, yeye hakuona sababu ya kubadili. Alidai kuna mwembe wa babake umebaki ndani ya ua, na kila msimu wa maembe alikasirika upya.

Basi, Julai ya 1997.

Ulikuja uvumi kwamba ua utasogezwa. Wengine walisema futi mia, wengine wakasema mpaka dukani kwa Mwarabu. Mzee wa mtaa akatangaza kikao chini ya mkwaju, Jumapili asubuhi, na wakubwa watakuja kutoka mjini. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, nina hati nzuri na B ya Kiswahili ambayo mama aliitangaza kuliko mimi mwenyewe. Nikapewa kitabu cha kaunta na kalamu ya biki. "Wewe utaandika kumbukumbu."

Jumapili asubuhi, na ni kusi. Aliyechagua saa hiyo ama hakuujua mtaa ama aliujua sana. Ndizo siku za ndege za kukodi, za Wajerumani, LTU na wenziwe, zikishusha watalii wa Diani na Nyali.

Wakubwa walikuwa wawili, na ramani. Sehemu kubwa nitaipitia haraka, kwa kuwa mikutano ya fidia hufanana. Waliuliza nani ana hati ya shamba. Kimya. Yeyote wa Mombasa anajua sababu yake. Huku kwetu mtu hujenga nyumba juu ya ardhi ya mwenziwe, akamlipa kodi ya kiwanja mwezi kwa mwezi, miaka arubaini. Nyumba yako, ardhi si yako. Mkubwa mmoja akaandika kitu kwenye daftari lake, na kwa jinsi alivyokipigia mstari tulijua ndiyo basi.

Mwalimu akasema watoto wa darasa la nane wanapoteza somo zima kwa wiki, dakika moja moja, wakingoja ndege ipite. Mama mmoja akasema ukuta wake una ufa unaoingia mkono, na akaomba wakauone, nao wakasema watakuja. Kisha yakaja ya minazi. Ramani ilisema miti iliyo mkabala na njia ya kurukia ipunguzwe urefu. Mzee mmoja mgema, ambaye sikuwahi kumsikia akisema kikaoni, akasimama na kofia yake mkononi.

"Mwembe hupunguzwa. Mkwaju hupunguzwa. Mnazi haupunguzwi, bwana. Mnazi ukiukata kichwa ni maiti."

Mkubwa akamwambia watakata nusu tu. Watu walicheka mpaka mzee wa mtaa akapiga meza.

Wageni hawakuijua ada ya kidole. Kila ndege ilipokuja walipaza sauti, mishipa ya shingo imewatoka, sisi tumenyamaza tunawatazama. Ikishapita, mtaa ukaendelea na sentensi zake, wao wamepungukiwa pumzi. Nadhani hilo lilitufurahisha kuliko ilivyofaa.

Nyanya akasimama mwisho. Hakuitwa. Alijifunga leso yake upya kiunoni juu ya buibui, pole pole, akiwaacha wamngoje. Nakumbuka leso ilikuwa ya kisutu, na shangazi, aliyekuwa ameketi karibu naye na mwana mgongoni, alivuta mkeka ili asiukanyage. Nyanya akakohoa. Akasema, "Nyinyi wageni wetu," na hapo ndege ikaja.

Ilikuwa kubwa, na ilikuwa chini kuliko zote za asubuhi ile, au ndivyo ninavyoikumbuka. Kwanza kivuli. Kilipita juu ya mkwaju, juu ya ramani, juu ya vifundo vya miguu ya watu walioketi mbele. Vikombe vya chai vikagongana kwenye sinia. Kona moja ya ramani ikainuka, yule mkubwa akaikandamiza kwa kiwiko. Vidole vyote juu, watu sabini, themanini, kama wanaotoa shahada kwa pamoja. Na katikati yao nyanya anasema.

Namwona mpaka leo. Midomo inakwenda, haiendi mbio. Mkono wa kulia ukaonyesha ua, kisha ukashuka ukaonyesha chini, miguuni pake mwenyewe, mara mbili. Akawatazama wale wawili, mmoja baada ya mwingine, kama anayewahesabu. Pahali fulani alitabasamu. Kisha uso ukabadilika na akasema kitu kifupi sana, maneno matatu au manne, akiwa ameweka kiganja kifuani. Wale wakubwa wakatikisa vichwa, ndiyo, ndiyo, kwa ile adabu ya mtu asiyesikia kitu. Ndege ikagusa lami huko chini, tukasikia injini zikigeuzwa kufunga breki, na zilipotulia nyanya alikuwa ameshaketi.

"Ahsante nyanya," mzee wa mtaa akasema. "Tumekusikia."

Watu wakapiga makofi. Makofi makubwa kuliko ya mgema.

Nami nina ukurasa mtupu. Nimeandika jina lake, nukta mbili, basi. Ningeweza kuinua mkono nikaomba arudie, lakini kila mtu alijua harudii, na mbele ya wageni angenijibu jibu ambalo lingekaa mtaani mwaka mzima. Ningeweza kuandika "hakusikika". Nilikuwa na miaka kumi na minane na B ya Kiswahili. Nikaandika:

"Alisema kwamba wakazi hawayapingi maendeleo, ila waliojenga kabla ya ua wasihesabiwe kuwa wavamizi, kwani mgeni ni ndege na mwenyeji ni mti."

Huo mwisho niliupenda sana. Niliupigia mstari.

Kabla ya kikao kufungwa niliambiwa nisome kumbukumbu zote kwa sauti, watu wazithibitishe. Nilipofika pale, koo lilinikauka. Nikasoma. Hakuna ndege iliyokuja kuniokoa. Watu wakaguna kwa kuridhika, mwalimu akanitazama kwa jicho la "umefundishwa wewe", na nyanya, kichwa kimeinama upande mmoja, akamgeukia mwenziwe wa mkekani. Akauliza kwa sauti ya kutosha mimi kusikia:

"Huyo mama yuasema vyema. Ni nani?"

Sikujua kama ananicheka. Usiku ule nilimpelekea chai yake na mahamri, nikangoja. Akanywa, akaniambia sukari ni kidogo.

Karatasi zilitiwa sahihi zikaenda mjini. Wiki chache baadaye, usiku wa tarehe 13 Agosti, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na ghasia zilizofuata zinajulikana. Watalii wakatoweka. Ndege za kukodi zikapungua, siku nyingine asubuhi nzima hakuna moja. Oktoba zikaingia mvua za El Nino, Desemba uchaguzi, na hakuna aliyeuliza tena habari za ua. Haukusogea, kwa upande wetu angalau. Si kwa maandishi yangu. Ulikosa ndege za kusogezewa.

Ungedhani mtaa ulifurahia kimya. Wachongaji wa Kikamba pale barabara ya Port Reitz walikaa na vifaru vyao mpaka vikaota vumbi. Ami yangu wa teksi akaanza kuuza mkaa. Jioni watu walikaa barazani wakitazama juu, na ndege moja ikipita utasikia mtu anasema, "Leo wamekuja." Sisi tuliokuwa tumeandika malalamiko, tena kwa hati nzuri.

Minazi minne ilikuja kukatwa vichwa mwaka uliofuata, asubuhi moja, na watu ambao hawakujitambulisha. Yule mgema alikuwa ameshahama.

Novemba ya 2002, siku zilipotupwa zile roketi mbili kuikosa ndege ya Waisraeli yenye abiria zaidi ya 250, polisi walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amesikia nini. Wakafika kwa nyanya. Akawaambia yeye hasikii ndege. Wakadhani anawaficha kitu, wakamkalia nusu saa. "Sisikii," akawaambia, "sizisikii tangu utoto." Shangazi alicheka jikoni. Mimi sikucheka, maana ndiyo kwanza nikawaza jambo ambalo halikuwahi kunipitia: huenda hakuwa jeuri. Huenda kweli masikio yake yalikuwa yamekwisha zamani, naye akizungumza wakati wa ndege kwa sababu kwake hapakuwa na ndege. Na kama ni hivyo, siku ile nilipokuwa nasoma, alisikia nini?

Alifariki mwaka uliofuata, na sikuwa nimemuuliza.

Haya yote nilimsimulia binti yangu Jumamosi foleni ikisonga hatua kwa hatua. Alitaka kujua jambo moja tu. Nyanya alisema nini? Nikamwambia sijui. Akaona ni uzembe, na hakunificha.

Shangazi akatoka na mikoba mitatu na udi unaonukia tangu mlangoni. Tulipokuwa tunarudi, binti hakusubiri hata tumalize salamu. Akamgeukia. Si wewe ulikuwa umekaa karibu naye?

"Kikao gani?" shangazi akasema. Nikamkumbusha mkwaju, mkeka, ramani. Akafikiri mpaka tukapita Chaani.

"Aa, ile siku ya mzee wa minazi! Mimi wapi, mwanangu. Mimi nilikuwa nimeziba masikio, na huyu wangu mgongoni yualia." Akalisukuma dirisha. "Hili halifungi? Malori haya hamwezi hata kuzungumza."