Shingo ya sweta isiyokaba: nilivyoachana na ufungaji wa kawaida

Kila niliyemlalamikia kuhusu shingo zinazokaba alinijibu neno moja: legeza. Legeza mkono, legeza uzi, chukua sindano nene zaidi ufungie nayo vitanzi vya mwisho ili visifumuke. Ushauri huo bado unatolewa kwa kujiamini kabisa, na nashuku wanaoutoa hawajawahi kuuvaa.

Niliufuata. Nikafungia kwa sindano nene kuliko ile niliyofumia, mkono mwepesi, uzi unateleza wenyewe. Kichwa kikapita bila ugomvi, nikashangilia. Kisha nikajitazama kwenye kioo: ribu yenyewe, ule ukingo wa mistari unaovutika, imebana vizuri shingoni, lakini ukingo wa juu umechanua kama pindo la gauni la marinda. Nikailowesha, nikainyoosha, nikaibana kwa pini mpaka ikakauka. Nilipotoa pini, marinda yakarudi, safari hii yamejipanga.

Tatizo si mkono. Ufungaji wa kawaida, ule wa kufuma vitanzi viwili na kurusha cha kwanza juu ya cha pili, unalaza mnyororo juu ya kitambaa. Ribu inavutika kwa sababu nguzo za vitanzi vya uso, vile laini, na za vitanzi vya mgongo, vile vyenye vifundo, hujikunja na kubanana. Ukivuta zinafunguka, ukiachia zinarudi. Mnyororo hauna pa kujikunja. Ukiulegeza umeurefusha tu, basi, na urefu huo lazima utokee mahali.

Dawa ni kufunga kwa kushona, kwa sindano butu ya kushonea sufu, ili uzi upite njia ile ile ambayo safu ya kufuma ingepita. Acha mkia wa uzi mara tatu au nne ya upana wa ukingo. Mimi huacha zaidi, kuunga uzi katikati ya shingo ni balaa.

Hii ni kwa ribu ya moja-moja, kitanzi kimoja cha uso, kimoja cha mgongo. Safu mbili za mwisho, fuma vitanzi vya uso, vya mgongo vipitishe tu bila kuvifuma, uzi ukiwa mbele. Ukigeuza kazi, vile ulivyopitisha vinakutazama kwa uso, sasa ni zamu yao. Wanaofuma kwa mzunguko, raundi ya pili ni kinyume: pitisha vya uso uzi ukiwa nyuma, vya mgongo vifume mgongo.

Maelezo mengi yanakutaka ushone vitanzi vikiwa bado kwenye sindano moja, ukirukaruka kimoja hiki kimoja kile. Nilichoka kupotea. Nikachukua sindano mbili za ziada nikavigawa: vya uso vyote sindano ya mbele, vya mgongo vyote ya nyuma. Ghafla ukingo ukafunguka kama mfuko, tabaka mbili zimesimama zikitazamana, na kazi iliyobaki ni kuziunganisha vile vile wanavyofunga ncha ya soksi! Mbele: ingia cha kwanza kama unafuma uso, kitoe, ingia cha pili kama mgongo, kiache. Nyuma: cha kwanza kama mgongo, kitoe, cha pili kama uso, kiache. Mimi huimba kwa sauti: "uso toa, mgongo acha, mgongo toa, uso acha." Nyumbani wameshazoea, hakuna anayenisalimia nikiwa kwenye wimbo huo.

Usikaze kila kitanzi. Shona kadhaa, kisha rudi uvisawazishe kwa ncha ya sindano. Na mara ya kwanza jaribu kwenye kipande kidogo kwa uzi wa rangi tofauti, uone unakopita.

Ukingo unaotoka ni mviringo, hauna mstari wa kufungia, watu wanauliza sweta imeanzia wapi.

Kwa ribu ya mbili-mbili sijisumbui kupanga vitanzi upya. Natumia ule ushonaji wa Elizabeth Zimmermann, mwandishi wa vitabu vya ufumaji: pita vitanzi viwili kutoka kulia kwenda kushoto, rudi kwenye cha kwanza kutoka kushoto, kitoe, endelea. Hauna umaridadi ule, lakini unavutika, na unaweza kuufanya huku ukipiga soga. Ule wa kwanza, hasa kwa uzi mweusi, fanya mchana.