Nilivyowafundisha Watoto Kunikatalia

"Mwalimu mkuu akishasaini umemaliza, watoto ni wake." Niliambiwa hivyo na watu watatu walionizidi elimu nilipouliza namna ya kupata ridhaa ya watoto kwa utafiti wangu, na mpaka leo maneno hayo yananiudhi. Mwanafunzi si dawati la shule.

Utafiti wangu wa shahada ya uzamili ulihusu watoto wanaochota maji alfajiri kabla ya masomo, katika kijiji kimoja mkoani Dodoma. Vibali nilivipata. Wazazi niliwafuata majumbani jioni. Asiyejua kusoma nilimsomea fomu mbele ya shahidi, akaweka dole gumba. Bodaboda tu zilikula kama laki na nusu.

Siku ya kwanza darasani nikasoma maelezo, mwalimu kasimama mlangoni. Nikauliza nani anapenda kushiriki. Mikono 34 ikaruka juu. Nikafurahi, hadi nilipomwona binti mmoja nyuma kabisa: mkono juu, machozi yanamlengalenga. Nikarudisha hojaji zote mkobani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa, lakini mtoto aliyelelewa kwa shikamoo na kutii atamwambiaje mgeni wa mwalimu "sitaki"?

Wiki iliyofuata nilirudi na mahindi, maharage na bahasha ndogo zenye namba. Tulikaa chini ya mti, walimu wakituona ila wasitusikie. Kwanza tukacheza: mimi naomba, wao wanakataa. "Nipe kandambili zako." "Sitaki!" "Niimbie." "Sitaki!" Mwanzoni walinong'ona huku wakitupa macho ofisini. Baada ya dakika kumi sauti zilifika barabarani, na mimi nikawa nashukuru kila nikikataliwa. Ndipo nikaeleza utafiti upya. Kila mmoja akaenda nyuma ya mti peke yake: hindi ndani ya bahasha anakubali, haragwe anakataa, punje inayobaki anaitumbukiza kwenye kopo.

Maharage yalikuwa tisa.

Daftari na kalamu nilikuwa nimeshawapa wote kabla ya kuchagua. Watafiti wenzangu, nawasihi mfanye hivyo. Zikitolewa baadaye zinageuka malipo. Na msiahidi siri yote. Fomu yangu ya awali ilisema "sitamwambia mtu yeyote". Nikaifuta, kwa sababu mtoto akikueleza kwamba anaumizwa, utavunja ahadi au utamwacha hatarini. Niliwaambia nikisikia hivyo nitamtafutia msaada, na yeye nitamweleza kwanza. Namba ya ofisa ustawi wa jamii nilikuwa nayo, na 116, simu ya bure ya kumsaidia mtoto, niliwakaririsha.

Wale tisa nao niliwaita mmoja mmoja kama wengine, wakachora picha, ili wenzao wasijue nani alikataa. Yule binti alikuwa miongoni mwao. Sikumwuliza sababu. Alichora mbuzi, akaniaga, akakimbilia uwanjani kucheza rede.